Bomba Lililopita Chini ya Mkwaju

Mama mkwe wangu ni fundi bomba, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa adui wa mizizi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu siku hizi wanamsimulia kana kwamba alizaliwa amekumbatia mti. Si kweli. Nimeishi naye nyumba moja miaka tisa, namjua. Mwanamke huyu amekata mizizi mingi kuliko mbao alizokata seremala wetu wa kona, na alikuwa akirudi nyumbani na vipande vyake ndani ya ndoo, anatuonyesha kama mtu aliyeua nyoka.

Kazi aliianza hivi. Alikuwa mfagiaji katika bweni la wanafunzi. Vyoo vikaziba, fundi akaitwa, fundi hakuja. Siku ya kwanza hakuja, siku ya nne hakuja. Siku ya tano mama akapinda waya wa kuanikia nguo, akafunua mfuniko, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa rundo la mizizi myembamba lililojaa karai zima. Maji yakashuka. Fundi alipofika wiki iliyofuata, alimkuta mama anapiga deki huku anaimba, akamwuliza nani aliyefanya kazi yake. "Aliyekuwepo," mama akasema. Tangu hapo watu wakamwita Mama Bomba, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vitambulisho tu.

Sasa ana miaka sitini na miwili. Magoti yake yana sugu. Akitembea huangalia chini. Ukimwuliza nyumba fulani ina rangi gani hajui, ila atakwambia maji taka yake yanatokea upande gani. Na hasifu. Nilipojifungua mapacha aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Wamekamilika," kisha akaenda kazini. Nililia mchana kutwa. Mume wangu akanibembeleza, akaniambia hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kuzisikia kinywani mwa mama yake.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na paa la bati la zamani. Pembeni yake, karibu kabisa na mpaka wa kiwanja cha jirani, upo mkwaju. Huo uliitangulia nyumba, na hakuna mtu anayejua umeitangulia kwa miaka mingapi. Mtu mmoja hawezi kulizungushia mikono shina lake. Matawi yake yamefunika chumba cha mapacha wangu, ambao sasa wana miaka sita. Kusema kweli, sikuupenda. Vijani vyake vidogo vilikuwa vinaziba mifereji ya bati, na nani aliyekuwa anapanda ngazi kuizibua? Mimi. Mume wangu anaogopa ngazi, ingawa yeye husema ana mgongo. Nalikubali moja tu: mchana wa jua kali, chumba kile ndicho pekee ambacho mtoto angeweza kulala bila kuloa jasho.

Jirani yetu ni mfamasia mwenye duka la dawa pale njia panda. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Siku moja alikuja na mchoro umekunjwa kwapani, akakaribishwa kiti.

"Mama Bomba, najenga," akasema. "Ghorofa mbili, familia nne. Nimekuja kuomba radhi ya kelele na vumbi kabla havijaanza."

"Jenga, baba. Vumbi linafutika."

"Na huu mti wako usiutilie wasiwasi. Nimewaambia mafundi, atakayeugusa kwa panga nitamfukuza hapo hapo. Tena upande wangu nitaujazia udongo mpya, kisha niuzungushie kibaraza cha saruji, wapangaji wakae wapunge upepo."

Alilisema kwa moyo mweupe, na mimi nikaona jamaa muungwana.

"Utauua kwa mapenzi," mama akasema. "Mzizi unapumua, baba. Ukiufunika kwa udongo na saruji ni sawa na kumfunika mgonjwa mto usoni. Haya, niambie mtaro wa maji taka unapita wapi?"

Mfamasia akautazama mchoro, akaugeuza, akautazama tena. "Hilo analijua fundi mkuu."

Fundi mkuu huyo mafundi wenzake walimwita Kamba, na haikuchukua siku mbili kujua kwa nini. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, ana penseli nyuma ya sikio, na sifa yake katika kazi ilikuwa mstari ulionyooka. Kabla ya jambo lolote alipigilia vigingi, akavuta kamba, akafumba jicho moja. Chochote kilichogusa kamba kiliondoka: jiwe, kichaka, banda la kuku. Kuta zake zilikuwa zimenyooka kweli, simnyimi haki yake. Ila alikuwa na ugonjwa wa mafundi hodari, wa kuamini kwamba kilichonyooka juu ya karatasi kimenyooka pia kwa Mungu.

Ijumaa moja mama alirudi kutoka kazini akaiona kamba imevutwa kando ya mpaka, kutoka nyuma ya kiwanja cha mfamasia mpaka barabarani, hatua mbili tu kutoka kwenye mkwaju. Kamba mbili, kwa kweli: moja ya mtaro wa bomba la maji taka, nyingine ya msingi wa ukuta. Chini ya kivuli cha mti wamemwaga lori la mchanga na lori la kokoto, na vijana wa zege wanaoshea karai zao palepale kwa sababu ndipo penye baridi. Maji ya saruji yanatiririka kijivu mpaka kwenye shina. Mti hawajaugusa kwa panga, ni kweli. Waliupenda mno.

Jumamosi asubuhi mama akavaa buti zake, akanikabidhi mwiko wa kufukulia, akavuka mpaka. Mimi nyuma yake, sijui naenda kufanya nini.

"Fundi, habari za kazi."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Huu mtaro wako una kina gani?"

"Kiunoni. Jumatatu inakuja mashine ya kuchimba, ile kijiko. Kufikia mchana umekwisha."

"Na mizizi?"

Kamba akacheka, bila ubaya. "Mama, mti ulivyo juu ndivyo ulivyo chini. Mzizi unazama kama msumari. Mimi napita pembeni hatua mbili nzima, hata hautajua."

"Umewahi kuuona huo msumari?"

"Kila mtu anajua."

"Sikuuliza wanaojua. Nimeuliza walioona."

Vijana wa zege wakaacha kazi wakasogea, maana hakuna kitu kitamu kazini kama kumwona mkubwa wako anaulizwa maswali. Mama akaliendea shina, akapima unene wake kwa viganja, upande mmoja hadi mwingine: viganja tisa. Kisha akaligeuzia mgongo, akahesabu hatua tisa kuingia kiwanja cha mfamasia, mpaka akasimama kando ya rundo la matofali.

"Kiganja kimoja cha unene, hatua moja ya mguu," akasema. "Mpaka hapa ni nyumbani kwake. Chimba."

"Hapa? Mama, hapa ukikuta hata mzizi wa unene wa kidole, fundi mkuu ni wewe."

Hakumngoja. Akapiga magoti, akanipokonya mwiko, akafukua taratibu, anatoa udongo kwa mkono. Hata kiwiko hakikuzama. Tulipoona kitu cha kahawia kimelala, akakifuta vumbi kwa kidole: mzizi mnene kama mpini wa toroli, umelala chali, unaelekea barabarani bila habari na mtu.

Vijana wakaguna. Kamba akachutama, akaugusa, akajikuna kichwa.

"Huu umepotea njia," akasema.

Hapo hata mama alicheka. "Sawa. Kama hapa tumemkuta aliyepotea njia, hatua mbili kutoka shinani utaukuta ukoo mzima, na babu yao amekaa katikati. Miaka thelathini, baba, nimekuwa nikitoa mizizi kwenye mabomba. Haipo chini kabisa. Ipo hapa juu, magotini, kiunoni, kwenye hewa na maji. Kijiko chako kitaifyeka yote ya upande huu kwa asubuhi moja."

Kamba alisimama, akapangusa mikono. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si mtu wa kukubali mbele ya vijana wake. "Mama, ramani imepigwa mhuri. Mimi nafuata kamba. Ukitaka kuihamisha, ongea na mwenye nyumba."

Jioni ile, mezani, mama alimweleza mwanawe jambo lilivyo. Upepo wa mvua kubwa hutoka upande wa mfamasia. Mizizi ya upande ule ndiyo inayoushika mti usianguke. Ikikatwa, mti utaendelea kusimama, utatoa majani, watu watasema mnaona, haukufa. Kisha siku moja utalala. Na utalalia wapi? Sote tukautazama ukuta wa chumba cha mapacha.

"Basi tuukate," mume wangu akasema. "Tuukate sisi wenyewe kabla hawajaanza, yaishe."

"Tuukate," nikadakia mimi. Sikutaka kusikia mengine. Nilikuwa nimeshaiona mifereji yangu ya bati imebaki mitupu.

Mama akaweka kijiko chini.

"Mti mzima, usio na kosa, uukate kwa sababu fundi hataki kuchimba vizuri? Na maji yote unayokunywa huu mti kwenye ua wetu, mvua ikinyesha yatakwenda wapi? Chini ya msingi wetu." Kisha akasema kitu ambacho hata mwanawe hakuwahi kukisikia.

Miaka kumi na minane nyuma aliitwa kwa muuguzi mmoja mstaafu kuweka bomba jipya. Kando ya jiko palikuwa na mti mkubwa, na mizizi ikawa inamzuia njia. Alikata mmoja, akakuta mwingine. Akakata huo. Kila alipoukuta mwingine alisema moyoni, mmoja tu. Alitumia msumeno mkali, mizizi ikakatika safi, akaipanga ikauke, muuguzi akapata kuni za mwezi mzima na akamshukuru sana. Baada ya miaka miwili mti ule ukaanguka wakati wa mvua, ukalala juu ya jiko. Muuguzi alikuwa ametoka kwenda kumfungulia mtu mlango. Dakika moja tu.

"Watu wakaulaumu upepo," mama akasema. "Na mimi nikaitwa. Si kulaumiwa, niliitwa kuunga bomba lililovunjika. Nikafika, nikatazama lile gogo limefumuka na udongo wake. Upande mmoja mizizi imechanika, ina nyuzi. Upande wa pili imenyooka, safi. Msumeno wangu. Nikaujua hapo hapo. Nikaunga bomba, nikanywa chai yao, nikaondoka. Sikusema."

Nilimtazama mama mkwe wangu nikajisikia vibaya sana, si kwa alichofanya, bali kwa kukibeba peke yake miaka yote hiyo huku akituonyesha vipande vya mizizi ndani ya ndoo na sisi tunacheka.

"Sasa nina wajukuu wawili wanalala upande ule," akasema. "Sitakata, na sitaacha wakate."

Jumapili duka la dawa lilikuwa wazi, na watu sita kwenye foleni. Nilidhani mama atangoja wapungue. Hakungoja. Alisimama kwenye kaunta, akamwambia mfamasia kila kitu: upepo, mizizi, chumba cha watoto, na kisha, mbele ya mteja mwenye karatasi ya daktari na mwingine mwenye mtoto mgongoni, akasimulia habari ya jiko la muuguzi. Nilitamani kumvuta kanga. Mtu anayeishi kwa kuitwa majumbani mwa watu, anasimama hadharani kusema niliua mti na nusura niue mtu! Lakini sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Mfamasia alivua miwani. "Mama Bomba, mimi nilikataza mti usiguswe."

"Uliwakataza panga. Hukuwakataza mtaro. Ni kama mtu amekuambia hanywi sumu, ila anakula iliyowekwa kwenye uji."

Mteja wa mtoto akasema, "Mungu wangu." Mfamasia akamwelewa mara moja, maana hiyo ilikuwa lugha ya kazi yake.

"Sasa nifanye nini? Familia nne haziwezi kukaa bila maji taka kutoka."

"Hatua tisa kila upande wa mti, kisiingie kijiko. Hapo nichimbe mimi kwa mkono. Bomba lipite chini ya mizizi, si katikati yake. Mchanga na kokoto vihamishwe leo, karai zikaoshewe kwingine. Na kibaraza chako, kisahau."

Kamba aliitwa dukani. Alifika na mchoro wake na jibu lake tayari. "Haiwezekani. Bomba likishuka kifuani hapa katikati, mbele litapandaje? Maji taka hayapandi mlima."

"Halitapanda. Litashuka hivyo hivyo mpaka barabarani."

"Chemba ya barabarani haina kina hicho!"

Mama akatabasamu, na mimi nikajua mtu amekwisha. Chemba ni lile shimo la barabarani lenye mfuniko wa chuma, ambamo mabomba yote ya mtaa hukutana. "Umeifungua?" akamwuliza. Kamba akautazama mchoro wake. "Mimi nimeingia mle mara nne. Nikisimama ndani, kichwa changu hakifiki barabarani. Kwenye mchoro wako wameandika kiunoni kwa sababu aliyeandika hakutaka kuchafua viatu."

Wakaenda wakaifungua, wateja wawili nyuma yao na karatasi zao za dawa mkononi. Kamba akashusha futi yake, akasoma, akasoma tena. Akaifunga futi taratibu. "Nakupa siku tano," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi. Kijiko kitaanzia nyuma."

Kazi ilianza Jumatatu. Kamba mwenyewe, na hapa nampa heshima, alivuta kamba ya duara kuuzunguka mkwaju, akaning'iniza juu yake mabati chakavu, akawaambia vijana wake atakayepitisha toroli ndani atalibeba kichwani. Mama akapanga mashimo manne membamba kwenye mstari wa bomba, kila moja limechimbwa kwa mkono katikati ya mizizi, bila sururu, kwa mwiko na vidole na ndoo. Kisha kutoka shimo moja hadi jingine akawa anatoboa njia ya kupita bomba tu, amelala kifudifudi ndani, anasukuma beleshi la mpini mrefu, udongo unatoka kidogo kidogo. Walianzia upande wa barabara, kwenye chemba, wakapanda kuelekea mti.

Nilipewa kazi ya magunia. Mzizi ukianikwa juani unakufa, kwa hiyo kila uliofunuliwa nikaufunga gunia na kulimwagia maji, asubuhi, mchana, jioni. Basi mimi niliyetaka uangushwe, nikawa nauvisha nguo na kuunywesha. Mume wangu alinikuta naukemea mmoja kwa kuvua gunia lake, akanicheka mpaka akakaa chini. Mgongo ule haukumzuia kucheka.

Jumatano jioni shimo la kwanza na la pili yalikuwa tayari, na njia zake. Alhamisi asubuhi, kwenye shimo la tatu, lililo karibu zaidi na shina, mama akasimama. Tukainama kutazama. Mzizi mnene kama paja umeshuka kwa mshazari, umelala katikati kabisa ya njia ya bomba. Kupita juu yake, bomba lingekuwa mlimani. Kupita chini yake, lazima kila kitu kishuke shubiri moja zaidi, pamoja na mashimo mawili na njia mbili zilizokwisha. Siku tatu za kazi, zifanywe upya.

Kamba aliruka ndani ya shimo. Aliuchunguza, akampapasa mama begani kwa upole wa kweli.

"Mama, huu ni mmoja tu. Nimeyaona mashimo yako, umeacha zaidi ya thelathini. Mti hautakufa kwa mmoja. Hata mimi sasa najua."

Na alisema kweli, hilo ndilo lililoniuma. Pengine usingekufa. Mama alikuwa ameshika msumeno mdogo, ule anaokatia vijizizi vyembamba visiachwe vimechanika. Alisimama na ule msumeno, jasho linamshuka mpaka kidevuni. Ningemwambia kata, mama, tumechoka. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka.

"Mmoja tu," akasema, kama anaonja neno. Kisha akautia msumeno ndani ya ndoo, akampa kijana aliyekuwa juu. "Nipe mwiko. Tunarudi la kwanza."

Alipanda ngazi, akaenda kwenye shimo la kwanza, akaanza upya. Hakuna aliyemfuata kwa muda. Halafu Kamba akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya tofali, penseli juu yake, akaingia shimo la pili. Alichimba siku ile yote. Kabla jua halijazama alinyoosha kichwa akasema, "Mama, na ukuta je? Msingi wake utaikata vilevile." Mama alikuwa anajua, alikuwa anamngoja. Kamba akafikiri huku anapangusa shingo. "Nitaweka nguzo. Kila nguzo nitaitafutia nafasi kati ya mizizi kwa mkono, halafu boriti ipite juu ya ardhi bila kugusa. Ukuta utakaa juu ya boriti."

"Umekamilika," mama akamwambia. Maskini Kamba hakujua amepewa nini. Mimi nilijua, nikaona wivu.

Walimaliza siku ya saba badala ya tano, na mfamasia hakulalamika, ila alileta dawa ya kuchua magoti. Pimamaji ikawekwa juu ya bomba: linashuka, limenyooka, mwanzo hadi mwisho. Kamba alifumba jicho moja, akatazama ndani ya bomba akaona mwanga wa upande wa pili, akakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha wakafukia kwa udongo ule ule uliotoka, wala hawakuushindilia.

Mvua kubwa zilikuja miezi mitano baadaye, ghorofa ya kwanza imeshasimama. Mchana mmoja mapacha walikuwa na mafua, wamelala chumbani mwao. Mimi niko jikoni. Upepo ulianza ghafla, kutoka upande wa mfamasia, ukabamiza madirisha, bati likaanza kulia. Nikakimbia. Nilipofika kwenye chumba cha watoto nilimkuta mama ameshatangulia, amesimama kando ya kitanda.

"Nisaidie tuwabebe, mama!"

"Wana homa. Waache walale."

"Mama, mti!"

Nje mkwaju ulikuwa unainama na kuinuka, matawi yanafuta paa letu. Kila ulipoinama nilidhani ndiyo basi. Nilitaka kupiga kelele. Mama akavua viatu, akavipanga chini, akapanda kitandani, akalala katikati ya wajukuu wake.

"Usitazame matawi," akaniambia. "Matawi kazi yake kuyumba. Nenda dirishani, tazama udongo wa shinani, upande ule wa mfamasia. Mti unaotaka kuanguka huinua udongo kwanza, unaupandisha kama kifua kinachopumua. Ukiuona umeinuka hata kidogo, sema, tutawatoa wote."

Nikaenda. Nikafuta kioo kwa kiganja. Mvua ilikuwa inapiga udongo pale tulipofukia, vijani vinaelea juu ya vidimbwi. Upepo ukavuma tena, ule mkubwa. Mti ukainama, nikashika ukingo wa dirisha, sikutazama juu, nikatazama chini. Vidimbwi vikatetemeka. Udongo ukabaki ulivyo.

"Haujasogea," nikasema.

Nikageuka. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, mkono mmoja juu ya kila mtoto, na machozi yanamshuka kuelekea masikioni. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku moja. Ndipo nikajua kwa nini amenipeleka mimi dirishani.

"Sema tena," akasema.

"Haujasogea, mama."

"Sema tena."

Nikasimama pale, pua kwenye kioo, nikawa namwambia kila upepo ulipokuja, mpaka mvua ikaisha.